Sura ya Tisa: Mashua Iliyoondoka Tupu

Kwenye duara letu kuna neno moja ambalo mkosaji haruhusiwi kulitamka. Neno lenyewe ni lakini. Unasimama katikati ya watu, unataja jina lako, unasema ulichofanya, na ukiteleza tu ukasema "lakini", unarudi mwanzo unaanza tena. Sheria hiyo niliitunga mimi, Mercyline Nakhungu, meneja wa programu katika shirika la Meza Moja, Kisumu, linalopatanisha majirani waliochukiana nyakati za kura. Kwa miaka minne nimeisimamia kandokando ya ziwa. Nimeona wazee wenye mvi wakianza tena mara tano, jasho likiwatoka, na mimi nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki na kalamu mkononi, nikitikisa kichwa kwa upole. Mwenyewe sikuwahi kusimama hapo katikati hata siku moja.

Alhamisi hiyo asubuhi niliegesha gari la ofisi karibu na ufuo wa Usenge, nikabaki ndani. Nilikuwa nimevaa ile blauzi ya kijani ambayo Walter anaipenda, na nilipojiona kwenye kioo nikajichukia. Mtu anakwenda kuomba msamaha, naye amejipamba kama anaenda harusini.

Ngoja niseme nilichofanya, maana Usenge nzima ilikuwa imeshajua.

Mwezi wa tatu, Walter Opondo, mwanamume ninayempenda mpaka naogopa, aliniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Hatukuwa kwenye duara. Tulikuwa wawili tu, tumeegemea mashua ya marehemu baba yake, tunakula ngege wa kukaanga juu ya gazeti. Aliniambia kwamba miaka minane iliyopita, ule mwaka wa uchaguzi uliochafuka, wageni waliokuwa wakiishi Usenge walianza kukimbia. Mzee Wesonga, fundi wa nyavu kutoka upande wa Bunyala, alikuja na gunia begani akamwomba Walter amvushe mpaka Port Victoria. Vijana wa ufuoni walikuwa wametangaza kwamba mashua itakayobeba mgeni itachomwa. Walter akasukuma mashua majini, akaondoka nayo tupu. Mzee alibaki amesimama, maji magotini, akimwita. Mchana huohuo alipigwa, akavunjwa mguu.

"Ndiye alinifunza kushona wavu," Walter aliniambia, macho yake majini. "Na aliniita kwa jina, Mercy. Aliita Walter, Walter, mpaka nikawasha injini nisimsikie."

Nilimshika mkono. Nililia, na yale machozi yalikuwa ya kweli. Wiki tatu baadaye nikakaa ofisini nikaiandika yote.

Wafadhili walikuwa wanataka hadithi ya mtu aliyebadilika, na hizo tulizokuwa nazo zilikuwa zimepoa kama uji wa jana. Nikamwita Walter "Peter". Nikampunguzia umri. Nikageuza kijiji, nikageuza hata kazi ya mzee nikamfanya muuza mkaa. Nilijisifu kwa uangalifu wangu. Kitu kimoja tu sikukigusa, na sikukigusa kwa sababu kilinipendeza masikioni, nacho ni jina la mashua: Nyar Asembo. Huku mke huitwa kwa alikotoka. Mama Benta, mama yake Walter, aliolewa kutoka Asembo Bay, na mumewe alipotengenezesha mashua akaipaka jina la mkewe. Hakuna mtu Usenge asiyelijua jina hilo. Ni mimi peke yangu, mtu wa ofisi, niliyeliona kuwa pambo la hadithi.

Kijitabu kikachapishwa. Jumatatu, Frankline, afisa wetu wa nyanjani, alisimama mbele ya watu mia mbili wa Usenge akakisoma kwa Dholuo. Alinipigia simu baadaye.

"Madam, nilipofika kwa jina ya mashua, watu wote waligeuka. Walter alikuwa amekaa huko nyuma na mathe wake. Alimshika tu mkono wakatoka."

Nyumbani Kisian nako kulikuwa na nakala. Nilimpelekea baba mwenyewe, kwa majivuno. Baba yangu, Mzee Wakhisi, ni mwalimu mstaafu, na ilimchukua mwaka mzima kukubali kwamba binti yake ataolewa na mtu wa ziwani. Jumamosi hii Walter alikuwa aje na wajomba zake kujitambulisha. Siku moja Walter alimwonyesha baba picha kwenye simu, yeye ameegemea mashua, jina linaonekana wazi. Baba akishasoma kitu hakisahau.

"Nakhungu," aliniambia kwenye simu, "huyu Peter wako ni Walter, siyo?"

Nilikaa chini.

"Mzee wa rika langu aliachwa ndani ya maji. Nimempigia kijana mwenyewe nikamwambia. Asikanyage kwangu kabla hajaenda kwa huyo mzee, kama bado yuko hai."

Kama bado yuko hai. Nilikuwa na simu sikioni, na nilijua kwamba Mzee Wesonga yuko hai. Nilijua hata kibanda chake. Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kutoka garini.

Mwishowe nilitoka. Mama Benta alikuwa na wanawake wengine wanne, wanatandaza dagaa wa omena juu ya nyavu kuukuu. Ni mwanamke mrefu, mkavu, na hata akiinama anaonekana kama amesimama.

"Oyawore, Mama."

"Oyawore ahinya." Salamu hakuninyima. Mikono yake haikusimama. "Umekuja na kitabu ingine?"

"Hapana, Mama. Nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa nani?"

"Kwako. Na kwa Walter."

"Walter ni ule." Alinionyesha kwa kidevu. "Ameamka na rangi. Nimemwambia, wacha, hiyo jina ni baba yako aliandika. Anasema imechafuka."

Walter alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa mashua, amenipa mgongo, na kopo la rangi ya buluu miguuni. Neno "Nyar" lilikuwa limeshafutika. Brashi ilikuwa inakaribia A ya Asembo. Nilitazama shingo yake, pale ambapo huwa naweka shavu langu, nikaona jinsi ilivyokaza alipozisikia hatua zangu.

"Mercyline," alisema bila kugeuka.

Huniita Mercy. Mwaka mmoja na nusu sijawahi kusikia jina langu zima likitoka mdomoni mwake, na sikujua linaweza kuuma hivyo.

"Nimekuja kuongea na wewe."

"Niliona gari."

"Walter, nisamehe. Niliandika kitu ambacho hakikuwa changu. Nilikosa. Lakini nilibadilisha majina yote, nilibadilisha hata..."

"Anza tena."

Sauti ilikuwa ya Mama Benta. Alikuwa amenifuata, magamba ya samaki yanang'aa kwenye mikono yake. Wale wanawake wengine walikuwa wameacha kazi, na watatu kati yao niliwajua vizuri. Walikuwa wa duara langu.

"Mama, mwache," Walter alisema.

"Simwachi. Si ni sheria yake? Alimrudisha Mzee Odongo mara tano, mtu ana presha. Nyathina, mtoto wangu, simama hapa katikati kama vile unatusimamisha. Anza tena."

Nikasimama kati ya nyavu mbili za omena. Jua lilikuwa limeanza kuchoma, na nzi walikuwa wananizunguka usoni, nikaona haya kuwafukuza. Sasa nilijua kwa nini wazee hutokwa jasho.

"Jina langu ni Mercyline Nakhungu," nilianza. "Walter aliniambia siri yake kwa sababu ananiamini. Mimi nikaiandika kwenye ripoti. Sikutaka kumuumiza. Mradi ulikuwa karibu kufungwa, watu kumi na wawili wangepoteza kazi, lakini..."

"Anza tena."

Mwanamke mmoja alicheka kidogo. "Kumbe hata yeye inamshinda," alisema, na hakusema kwa ubaya.

Walter alikuwa bado amenipa mgongo, brashi mkononi, haipaki. Nikavuta pumzi.

"Jina langu ni Mercyline Nakhungu. Walter alinipa jambo lake mimi, hakuupa mradi. Nilimshika mkono, nikalia naye, kisha nikaenda nikaligeuza kuwa kazi. Sikumuuliza. Nilijua angekataa, ndiyo maana sikumuuliza. Niliacha jina la mashua kwa sababu lilikuwa zuri kwenye karatasi. Jina hilo ni la Mama Benta, nami nimelitia aibu mbele ya watu wa kwake. Wewe Mama ulinipa chakula chako, na hivyo ndivyo nilivyokulipa."

Mawimbi madogo yalikuwa yanagonga ubao wa mashua.

"Umemaliza?" Mama Benta aliuliza, na sauti yake ilikuwa imelegea.

Hapo ndipo Walter aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, usiku huo bila shaka hakulala, na yaliponitazama niliona kitu ambacho sikustahili kukiona. Alikuwa na hamu nami. Alikuwa na hasira na alikuwa na hamu nami, vyote viwili kwa pamoja. Ningesema ndiyo, nimemaliza, angesimama na kuja. Labda si leo, labda kesho kutwa, ila angekuja. Ningempata Walter wangu, na siri yangu ya pili ningeilalia maisha yangu yote.

"Bado," nilisema.

Mama Benta alikunja uso. "Kuna nini ingine?"

"Mzee Wesonga yuko hai."

Brashi ilianguka mchangani.

"Yuko Port Victoria," niliendelea, nikitazama miguu yangu. "Anakaa kwenye duara letu la huko, kila Jumatano ya pili ya mwezi. Nimejua tangu mwezi wa tano."

"Wa tano," Walter alisema polepole. "Mwezi wa tano tulikuwa Dunga. Nilikuuliza kama watu wenu wanaweza kumtafuta. Ukaniambia utaulizia."

"Ndiyo."

"Na kila nikikuuliza tena unasema bado hujapata mtu."

"Ndiyo."

"Kumbe ulikuwa unamwona. Unakaa naye. Unamsalimia."

"Ndiyo, Walter."

"Kwa nini?"

Lile neno lilikuja mpaka kwenye ulimi. Lilikuwa na sababu nyingi nyuma yake, na baadhi yake zilikuwa nzuri. Nikalimeza.

"Mwezi wa kumi na moja tuna mkutano mkubwa wa watu wa pande zote mbili. Wafadhili watakuja na watu wa kamera. Nilitaka muonane hapo kwa mara ya kwanza. Nilijua itakuwa picha nzuri."

Alinitazama kwa muda mrefu. Ningependelea anitukane.

"Miaka minane," alisema. "Nalala naye, naamka naye. Nikipita mahali pale alisimama, nazunguka. Na wewe ulikuwa umeniwekea yeye kama zawadi ya Krismasi."

"Ndiyo."

"Anatembea?"

"Kwa mkongojo."

"Bado anashona?"

"Bado. Ana kibanda karibu na soko la samaki, cha mabati, kina mlango wa kijani."

"Anasema nini juu yangu kwa hiyo duara?"

"Siwezi kukuambia. Yale watu wanasema ndani ya duara..."

Walter alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya. "Sasa ndiyo umejua kunyamaza."

Akaokota brashi, akaiosha kwenye maji, akaiweka juu ya kopo kwa utaratibu ule wake ambao siku nyingine hunifanya nitabasamu. Kisha akachukua injini kutoka kwenye kibanda, akaibeba begani, akaifunga nyuma ya mashua. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Aliisukuma mashua peke yake, kifua kwenye ubao, na maji yalipoipokea akaruka ndani.

Nilimfuata mpaka ukingoni bila kujua ninachofuata. Niliingia majini na viatu vyangu vya ofisini. Nilisimama hapo na mkoba wangu begani.

"Mwite," Mama Benta alisema nyuma yangu.

"Sina haki ya kumwita, Mama."

"Mimi ndiye nakuambia."

"Mzee Wesonga alimwita."

Walter alivuta kamba ya injini mara mbili, ikashika. Mashua ikaanza kwenda, na neno Asembo, lililobaki peke yake ubavuni, likawa linapungua. Nilifikiria lango la baba kule Kisian, na viti alivyokuwa ameazima kwa ajili ya Jumamosi, na mimi nikivirudisha kimoja kimoja kwa majirani. Nilimpenda sana wakati huo. Nilimpenda zaidi ya siku aliyoniomba niwe wake, na nilijua kwamba nimemfukuza kwa mkono wangu mwenyewe.

Pengine alikuwa amefika mita hamsini alipogeuza kichwa. Aliniona. Sijui aliniona mimi au alimwona mtu mwingine, aliyesimama majini na mzigo begani miaka minane iliyopita. Injini ikapungua sauti. Mashua ikabaki inacheza juu ya maji, haiji, haiendi.

Kisha ikageuka.

Aliileta karibu kwa kasia, bila kunitazama, mpaka ubao ukagusa kiuno changu.

"Toka kwa maji. Kwa nini umesimama hapo?"

"Sijui."

"Umesimama vile tu mzee alisimama."

"Najua. Sikukusudia."

Aliweka kasia juu ya magoti yake. Nilitaka kuigusa midomo yake kwa vidole nikajizuia.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Mambo ya Jumamosi sijui. Usimwambie baba yako naja, na usimwambie siji."

"Sitamwambia kitu."

"Huko Port Victoria tukifika, mimi ndiye naongea. Wewe hutasema kitu. Hutapiga picha. Hutaandika."

Nilifungua mkoba, nikatoa daftari langu na kalamu na simu, nikampa Mama Benta. Alivipokea kwa mikono yake yenye magamba, akaviweka chini ya karai la omena kama mtu anayeficha kisu mbali na mtoto. Kisha akajaza mfuko wa omena iliyokauka vizuri, ile ya mwisho kabisa ya wavu, akaufunga fundo, akaingia majini na kanga yake yote akaniwekea mikononi.

"Mpatie Wesonga," alisema. "Mwambie imetoka kwa Nyar Asembo. Utaje hiyo jina vizuri."

"Nimeambiwa nisiseme kitu, Mama."

Mama Benta alimtazama mwanawe. Walter alitazama pembeni.

"Hiyo moja utasema," alisema. "Panda."

Hakunipa mkono. Aliishikilia tu mashua kwa kasia isiyumbe, nami nikapanda mwenyewe, kwa tumbo, vibaya, blauzi ya kijani ikashika rangi mbichi ya buluu. Nilikaa mbele na mfuko wa omena mapajani. Chini ya miguu yangu kulikuwa na maji, yanapanda kidogo kidogo kupitia ufa wa ubao.

Walter aliwasha injini. Tulipoanza kwenda alinirushia kopo la bati.

"Inavuja hapo mbele," alisema. "Toa maji."

Nikainama nikaanza kuyatoa.